Kulegeza kanuni za nywila kwenye mfumo wa maonyesho wa Linux

Kompyuta inayotumiwa kuwaonyesha watu programu mpya ina mahitaji tofauti na kompyuta inayofanya kazi yenyewe. Tuchukue SACCO ya waendesha bodaboda mjini Arua, Uganda. Kwenye seva yake ya kazi, nywila ya karani inasimama kati ya mwizi na akiba za watu, na ni haki iwe ngumu. Kwenye mfumo wa maonyesho, uliowekwa ili makarani wajifunze kuandikisha amana na mikopo kabla ya kukabidhiwa mfumo halisi, wanachama ni wa kubuni na salio ni za kubuni, nao wanaojifunza wana saa chache tu. Nywila ndefu yenye herufi kubwa, tarakimu na alama, iliyoandikwa ubaoni na kunakiliwa na watu ishirini kwenye kibodi wasizozizoea, hula muda ambao ungetumika kufundisha. Msimamizi anayetaka kulegeza kanuni za nywila kwenye mfumo kama huo ana hoja nzuri, na simkemei.

Shida yake huanza anapotafuta namna ya kulegeza. Mmoja atamwambia ahariri faili la /etc/login.defs. Mwingine atamtuma /etc/security/pwquality.conf. Wa tatu atamwambia afute mstari mmoja ndani ya /etc/pam.d/common-password, na wa nne atacheka na kumwambia kwamba hakuna haja ya kubadilisha chochote kwa kuwa root, yaani msimamizi mkuu mwenye mamlaka yote, anaweza kuweka nywila anayoitaka. Majibu haya yanapingana, na bado kila moja ni sahihi mahali fulani, kwa toleo fulani la Linux na kwa kanuni fulani. Anayeyafuata yote kwa pamoja bila kujua kila moja linagusa nini huishia na mfumo uliolegea mahali asipokusudia, huku nywila yake fupi ikiendelea kukataliwa.

Chanzo cha mkanganyiko huu ni kwamba kile tunachokiita "kanuni za nywila" ni kazi za sehemu kadhaa tofauti, zinazofanya kazi nyakati tofauti.

Mahali kanuni zinapokaa

Zamani kila programu iliyohitaji kumtambua mtumiaji ilisoma yenyewe faili la nywila na kuamua yenyewe. Mwaka 1995 wahandisi wa Sun Microsystems walipendekeza utaratibu mwingine, unaojulikana kwa kifupi kama PAM, ambao unaiondolea programu mzigo huo na kuukabidhi kwa moduli ndogo ndogo zinazopangwa kwa foleni. Programu kama login, sshd, sudo au passwd huuliza tu, na foleni ya moduli hujibu. Mafaili yanayopanga foleni hizo yako ndani ya /etc/pam.d, na Linux ya leo karibu yote hutegemea utaratibu huu.

Foleni ziko za aina nne, na tofauti yao inafumbua zaidi ya nusu ya tatizo letu. Foleni ya auth huthibitisha kwamba mtu ni yule anayedai kuwa. Foleni ya account huangalia kama akaunti yake inaruhusiwa kuingia leo, kwa mfano kama haijaisha muda. Foleni ya password hufanya kazi wakati mmoja tu, pale nywila inapobadilishwa. Foleni ya session hushughulikia yanayotokea baada ya kuingia, nayo haituhusu hapa.

Sasa tuziweke kanuni mahali pake. Urefu wa nywila, mchanganyiko wa herufi, na katazo la kurudia nywila ya zamani ni mambo ya foleni ya password. Kufungiwa nje baada ya kukosea mara kadhaa ni jambo la auth. Kulazimishwa kubadilisha nywila kila baada ya siku kadhaa ni jambo la account. Msimamizi anayesema "nywila zinasumbua" hana budi kujiuliza kwanza zinasumbua wakati gani: wakati wa kuzitunga, wakati wa kuziandika ili kuingia, au zinapofikisha muda wake. Jibu la swali hilo ndilo litakalomwonyesha faili la kufungua.

Kwa nini kanuni zilikuwepo

Kabla ya kulegeza kitu ni vyema kujua kilikuja kwa sababu gani. Mwaka 1979 Robert Morris na Ken Thompson wa Bell Labs walichapisha uchunguzi wa nywila 3,289 zilizokusanywa kutoka kwa watumiaji wa Unix waliokuwa huru kuchagua watakacho. Nywila 15 zilikuwa na herufi moja tu. Nyingine 72 zilikuwa na herufi mbili, na 464 zilikuwa na tatu. Ukijumlisha na nyingine fupi za herufi nne hadi sita, na zile za maneno ya kamusi na majina, asilimia 86 ya nywila zote ziliweza kupatikana kwa kubahatisha kwa kompyuta za wakati ule. Kanuni za urefu na za kamusi zilizaliwa kutokana na hali ya namna hiyo.

Kanuni za mchanganyiko wa herufi zina historia yenye sifa ndogo zaidi. Mwongozo wa taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, unaoitwa SP 800-63B na uliotolewa mwaka 2017, uliwashauri wanaosimamia mifumo waache kulazimisha mchanganyiko wa herufi na waache kulazimisha kubadilisha nywila kila baada ya muda bila dalili ya kwamba imevuja. Badala yake ulisisitiza urefu, na kulinganisha nywila mpya na orodha ya zile zinazojulikana kuwa za kawaida au zilizokwisha kuvuja. Sababu inaonekana kirahisi hapa kwetu. Mtu akilazimishwa kuweka herufi kubwa, tarakimu na alama, ataandika Webale@2025 (webale ni asante kwa Kiganda), na jirani yake Kampala@2025. Zote mbili zina aina zote nne za herufi na urefu wa kutosha, na zote mbili zitabahatishwa na yeyote aliyekaa Uganda wiki moja.

Kuna udhaifu mwingine usiosemwa sana. Kamusi ambayo Linux huitumia kukataa maneno ya kawaida, ile ya cracklib, kwa sehemu kubwa imejengwa juu ya maneno ya Kiingereza. Haina sababu ya kumjua ssebo wala nyabo, yaani bwana na bibi kwa Kiganda. Karani anayetumia neno la Kiingereza atakatazwa, na mwenzake anayetumia neno la Kiganda, la Kilugbara au la Kiswahili ana nafasi kubwa ya kupita. Kwenye seva ya kazi udhaifu huu unazibika kwa kipengele cha badwords, ambacho huorodhesha maneno yasiyoruhusiwa kuonekana ndani ya nywila, nami ningependa wasimamizi wengi zaidi wakijaze kwa maneno ya lugha zetu.

Kulegeza ubora wenyewe

Moduli inayopima ubora wa nywila kwenye matoleo mengi ya siku hizi ni pam_pwquality, iliyochukua nafasi ya pam_cracklib. Mipangilio yake iko ndani ya /etc/security/pwquality.conf, na vipengele vinavyohusika na maonyesho ni vichache. Kipengele cha minlen ni urefu wa chini, ambao kwa kawaida ni 8. Kile cha dictcheck huamua kama nywila italinganishwa na kamusi. Kile cha usercheck hukataa nywila yenye jina la mtumiaji ndani yake, na hiki ndicho kinachomkwamisha mkufunzi anayetaka mshiriki05 aingie kwa nywila mshiriki05.

Vipengele vya dcredit, ucredit, lcredit na ocredit (vya tarakimu, herufi kubwa, herufi ndogo na alama) ndivyo vinavyowachanganya watu wengi, kwa sababu maana yake hugeuka kulingana na ishara ya namba. Namba hasi ni sharti: dcredit = -1 inadai tarakimu isiyopungua moja. Namba chanya ni punguzo la urefu. Ikiwa minlen ni 12 na kila moja ya aina nne za herufi imepewa punguzo la 1, nywila ya herufi 8 yenye aina zote nne huhesabiwa kana kwamba ina 12, na inapita. Sifuri humaanisha kwamba hakuna punguzo wala sharti. Anayeona minlen = 12 na kushangaa nywila ya herufi 8 imekubaliwa, aangalie hapo kwanza.

Njia safi ya kulegeza ni kuliacha faili kuu lilivyo na kuandika faili dogo la pembeni, tuseme /etc/security/pwquality.conf.d/maonyesho.conf, lenye mistari hii (minclass ni idadi ya chini ya aina za herufi zinazotakiwa):

minlen = 6
dictcheck = 0
usercheck = 0
minclass = 0

Faida yake ni kwamba siku maonyesho yanapokwisha unafuta faili moja, na mtu mwingine yeyote atakayeingia kwenye seva ataona kwa jina lake tu kwamba kuna kitu kimelegezwa na kwa sababu gani. Angalizo ni kwamba mafaili ya saraka hiyo husomwa kabla ya faili kuu, kwa hiyo kama faili kuu tayari lina minlen = 12, lenyewe ndilo litakaloshinda. Na yaliyoandikwa moja kwa moja kwenye mstari wa moduli ndani ya /etc/pam.d huyashinda yote mawili. Mtu anaweza kuhariri faili sahihi kwa usahihi kabisa na asione badiliko lolote kwa sababu hiyo tu.

Ukomo mwingine ni namba 6. Kipengele cha minlen hakikubali kushuka chini yake. Ukiandika minlen = 4 ili nywila iwe "demo", moduli haitakufuata. Kuna kipengele cha enforcing ambacho kikiwekwa 0 huifanya moduli itoe onyo bila kukataa, lakini kwenye matoleo ya Linux ya Debian na Ubuntu utakuta mlinzi wa pili, pam_unix, ambaye naye kwa kawaida anadai herufi zisizopungua 6, na kwa neno obscure lililo kwenye mstari wake hukataa pia nywila inayofanana mno na ile ya zamani.

Kuhusu login.defs nitapita haraka. Kipengele cha PASS_MIN_LEN kilichomo humo, ambacho miongozo mingi ya zamani bado inakitaja, hakina nguvu pale ambapo PAM ndiyo inayobadilisha nywila.

Njia ya root

Yule mtu wa nne aliyecheka alikuwa na hoja kuliko wenzake wote. Kanuni za ubora kwa kawaida humbana mtumiaji anayebadilisha nywila yake mwenyewe, na hazimbani root anayemwekea mtu mwingine. Kwa hiyo msimamizi anayeandika sudo passwd mgeni (mgeni likiwa jina la akaunti) na kuweka nywila "demo" hahitaji kubadilisha faili lolote.

Wengi hawajui hili kwa sababu ya kile kinachoonekana kwenye skrini. Ukiandika nywila hiyo fupi ukiwa root kwenye mfumo wenye pwquality, hujibiwa hivi:

BAD PASSWORD: The password is shorter than 8 characters

Mtu akisoma maneno hayo huamini kwamba amekataliwa, akabonyeza vitufe vya kukatisha, na kwenda kutafuta faili la kuhariri. Angetazama mstari unaofuata angeona kwamba mfumo unamwomba aiandike nywila ile ile mara ya pili. Lile lilikuwa onyo. Akiiandika tena, nywila itakubaliwa. Isipokuwa tu kama mtu aliwasha kipengele cha enforce_for_root, ambacho humweka root chini ya kanuni zile zile, na ambacho hakiwashwi mpaka mtu akiwashe kwa makusudi.

Maoni yangu ni kwamba kwa maonyesho mengi hii ndiyo njia ya kuchukua. Kanuni za mfumo mzima zinabaki ngumu, nywila nyepesi zinakuwa kwenye akaunti chache ambazo msimamizi mwenyewe amezichagua, na mshiriki akijaribu kubadilisha nywila atakutana na kanuni za kweli, jambo ambalo lenyewe ni sehemu ya mafunzo. Akaunti zikiwa nyingi, amri ya chpasswd ikiendeshwa na root husoma orodha ya majina na nywila na kuziweka zote kwa mara moja.

Kulegeza kanuni kwenye faili kunahitajika pale tu washiriki wenyewe wanapotakiwa kutunga nywila wakati wa mafunzo, au pale programu inayoonyeshwa ina ukurasa wa kujiandikisha unaopitia PAM.

Mtego wa kufuta mstari

Jibu la tatu, la kufuta mstari wa pwquality kwenye common-password, ndilo ninalolionya zaidi, kwa sababu linaharibu kwa namna isiyoonekana papo hapo. Kwenye Debian au Ubuntu yenye pwquality, foleni ina mistari miwili inayofuatana. Wa kwanza ni wa pam_pwquality, ambao humwomba mtumiaji nywila mpya na kuipima. Wa pili ni wa pam_unix, wenye neno use_authtok, yaani: usimwombe mtu nywila, pokea ile iliyokwisha kuchukuliwa na aliyekutangulia. Ukifuta mstari wa kwanza na kuacha neno hilo kwenye wa pili, pam_unix hubaki ikisubiri kupokea kitu ambacho hakuna aliyekichukua. Kila atakayejaribu kubadilisha nywila ataambiwa "Authentication token manipulation error", maneno ambayo hayamweleweshi mtu yeyote kilichotokea. Waliokwisha kuwa na nywila wanaendelea kuingia kama kawaida, kwa hiyo hitilafu hugunduliwa siku nyingi baadaye, pengine asubuhi ya maonyesho yenyewe.

Mstari huo wa pili huanza pia na maneno kama [success=1 default=ignore]. Namba hiyo ni idadi ya mistari ya kuruka mambo yakienda vizuri, na mstari unaofuata ni wa pam_deny, ambao kazi yake ni kukataa kila kitu. Anayeongeza mstari wake katikati bila kurekebisha namba hubadilisha mahali foleni inapotua. Kwenye Debian na Ubuntu ni salama zaidi kuendesha pam-auth-update na kuiacha ipange foleni yenyewe. Kwenye Fedora na matoleo ya familia ya Red Hat, mafaili ya system-auth na password-auth hutengenezwa na chombo kinachoitwa authselect, na uliyoyaandika humo kwa mkono yanaweza kufutwa chombo hicho kikiendeshwa tena.

Vyovyote utakavyofanya, usihariri foleni hizi ukiwa na dirisha moja tu la amri. Acha dirisha jingine likiwa limeingia kama root mpaka utakapothibitisha kwamba kuingia na kubadilisha nywila bado kunawezekana.

Kufungiwa nje na kuisha muda

Mara nyingi kinachovunja maonyesho si ubora wa nywila. Kwenye mifumo iliyowashiwa pam_faillock, mtu akikosea mara 3 ndani ya dakika 15, akaunti yake hufungwa kwa dakika 10, isipokuwa mipangilio imebadilishwa. Kwa mtu mmoja mwenye akaunti yake hiyo ni kanuni ya busara. Kwenye ukumbi ambao watu ishirini wanaingia kwa akaunti moja ya mgeni, makosa matatu ya watu watatu tofauti huhesabiwa kama ya mtu mmoja, na ukumbi mzima unafungiwa nje. Karani wa safu ya mwisho ananyanyua mkono: "Mwalimu, sasa hata ile uliyoandika ubaoni inakataa." Anayoyasema ni kweli tupu. Nywila ni sahihi, lakini akaunti imefungwa na makosa ya watu wengine, na mfumo huweza kumjibu kwa maneno yale yale ya aliyekosea.

Amri ya faillock --user mgeni --reset inafungua papo hapo. Dawa ya kudumu ni kumpa kila mshiriki akaunti yake, mshiriki01 hadi mshiriki20, na siyo kuzima ulinzi huo. Akaunti zikitengana, makosa ya mmoja hayamgusi mwenzake, na mkufunzi anaweza pia kuona nani alifanya nini.

Muda wa nywila huonekana kwa chage -l mgeni. Faili la login.defs hapa lina kazi yake, kwa kuwa PASS_MAX_DAYS iliyomo humo ndiyo inayotumika akaunti mpya inapotengenezwa. Akaunti zilizokwisha kuwepo haziguswi na badiliko hilo, nazo hurekebishwa kwa chage -M. Kwenye akaunti ya maonyesho mimi ningelegeza muda wa nywila na papo hapo nikaze muda wa akaunti, kwa chage -E ikifuatiwa na tarehe ya siku inayofuata mafunzo. Kwa njia hiyo mshiriki hasumbuliwi kubadilisha nywila katikati ya somo, na akaunti yenyewe inajifunga hata kama kila mtu amesahau kwamba iliwahi kuwepo.

Kinacholinda badala ya nywila

Ukiipunguzia nywila kazi, kazi hiyo inahitaji mbebaji mwingine. Wa kwanza ni mtandao. Seva yenye bandari ya SSH, njia ya kuingia kwenye seva kutoka mbali, iliyo wazi kwa dunia nzima huanza kubishiwa hodi na programu za kubahatisha muda mfupi baada ya kuwashwa, nazo hujaribu kwanza majina kama test, guest, admin na demo. Mwaka 2016 programu hasidi ya Mirai iliteka kamera na ruta kwa wingi mkubwa kwa kutumia orodha ya jozi 60 hivi tu za majina na nywila zilizowekwa kiwandani, na mwezi Oktoba mwaka huo kampuni ya Dyn ya Marekani ilishambuliwa kwa vifaa vilivyotekwa hivyo mpaka tovuti nyingi kubwa zikawa hazifikiki. Hakuna aliyevunja kitu kwa ustadi. Walijaribu tu nywila ambazo kila mtu alizijua.

Kwa hiyo mfumo wenye nywila "demo" ukae kwenye mashine pepe ndani ya kompyuta ya mkufunzi, au kwenye mtandao wa ukumbi usiofikika kutoka nje. Kama ni lazima uwe kwenye intaneti, ziwekwe akaunti zote za maonyesho kwenye kundi moja, liitwe maonyesho, na ndani ya mipangilio ya sshd uandikwe mstari DenyGroups maonyesho, ili akaunti hizo zitumike ndani ya programu inayoonyeshwa na kwenye mashine yenyewe, lakini zisiingie kwa SSH hata kidogo. Wengine huandika PasswordAuthentication no na kuridhika. Kwenye mfumo unaotumia PAM, nywila inaweza bado kupenya kupitia njia ya KbdInteractiveAuthentication ikiwa hiyo haikuzimwa pia. DenyGroups haina mwanya huo. Na akaunti hizo zisiwe kwenye kundi la sudo, linaloruhusiwa kutenda kama root, kwa sababu nywila nyepesi yenye uwezo wa sudo ni nywila nyepesi ya root.

Mbebaji wa pili ni data yenyewe. Mfumo wa takwimu za afya wa DHIS2, unaotumiwa na Wizara ya Afya ya Uganda na ulioanzia Chuo Kikuu cha Oslo, una tovuti ya maonyesho ambayo jina na nywila yake vimejulikana kwa watu kwa miaka mingi, admin na district. Haidhuru, kwa kuwa data iliyomo ni ya maonyesho tu na hurudishwa ilivyokuwa mara kwa mara. Ila nywila hiyo hiyo ndiyo inayokuja na usakinishaji mpya wa mfumo huo, na anayesakinisha kwa ajili ya wilaya yake asipoibadilisha, nywila ya maonyesho inakuwa nywila ya kazi.

Kishawishi kikubwa hutokea kwenye vikao vya maandalizi. Mwenyekiti wa SACCO husema, kwa nia njema kabisa, kwamba makarani wataelewa upesi zaidi wakiona majina wanayoyafahamu, basi yapakiwe madaftari ya mwezi uliopita. Tangu saa hiyo mfumo umeacha kuwa wa maonyesho. Sheria ya Uganda ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019 inamtaka anayekusanya au kushughulikia data za watu azilinde kwa hatua zinazofaa, na haitofautishi kati ya seva ya kazi na ya mafunzo ikiwa majina, namba za simu na akiba zilizomo ni za watu wa kweli. Atakayemjibu mwenyekiti hivyo amemlinda mwenyekiti pia. Majina ya kubuni yenye sura ya kwetu, akina Akello, Drici na Mugisha wenye salio za kubuni, hufundisha vile vile.

Kurudisha kanuni

Maonyesho yakikwisha, msimamizi hufuta maonyesho.conf, na anaamini kwamba mfumo umerudi ulivyokuwa. Hapa inafaa kukumbuka kwamba foleni ya password hufanya kazi wakati wa kubadilisha nywila tu. Nywila "demo" iliyowekwa wiki iliyopita haipimwi tena mtu anapoingia. Ndani ya /etc/shadow, faili la nywila, imehifadhiwa kama hashi, yaani maandishi ya siri yasiyorudishika kuwa nywila, inayoanza kwa $y$ au $6$ kutegemea mfumo, na hashi ya nywila ya herufi 4 haina tofauti ya urefu na hashi ya nywila ya herufi 40. Ukilitazama faili hilo hutaweza kutambua nyepesi ni ipi. Hili ndilo linalofanya mfumo wa maonyesho uliogeuzwa kuwa wa kazi, jambo linalotokea mara nyingi fedha za seva ya pili zinapokosekana, uwe hatari zaidi kuliko mfumo ambao kanuni zake ni legevu waziwazi: kanuni zinaonekana ngumu, na ndani yake akaunti za zamani zimebaki na nywila zake.

Wengine hutumia chage -d 0, inayomlazimisha mtumiaji kubadilisha nywila atakapoingia tena. Kwa akaunti ya karani anayeendelea na kazi, ambaye mfumo wake haufikiki kutoka nje, inatosha. Kwa akaunti ambayo nywila yake iliandikwa ubaoni haitoshi, kwa sababu atakayeingia wa kwanza ndiye atakayechagua nywila mpya, na wa kwanza si lazima awe mwenyewe. Vilevile passwd -l hufunga nywila bila kuzuia ufunguo wa SSH ambao mshiriki aliuweka wakati wa mafunzo. Akaunti za maonyesho zifutwe kwa userdel -r, au kama kuna kazi za washiriki zinazotakiwa kubaki, zifungwe kwa chage -E 1, ambayo huifunga akaunti yenyewe bila kujali mtu anaingia kwa nywila au kwa ufunguo. Kisha getent group maonyesho itaonyesha kama kuna jina lililosahaulika ndani ya kundi.